Mwezi wa Mkono Juu ya Garissa: Hatua za Ukuaji wa Kampuni ya SpaceX

Utangulizi

Wasemaji wa Kisomali huiita setilaiti dayax gacmeed, yaani mwezi wa mkono, mwezi ambao binadamu ameutengeneza mwenyewe. Kiswahili kimeridhika na neno la kukopa, kikalitohoa likawa setilaiti, na mjadala ukaishia hapo. Hata hivyo, mwanaistilahi hana budi kukiri kwamba katika jambo hili jirani ametangulia, kwa kuwa jina la Kisomali humweleza msikilizaji kitu chenyewe bila kumtuma kwenye kamusi. Wala si ajabu. Jamii ya wafugaji iliyozoea kuhesabu majira kwa nyota, ikatambua ni lini mvua za Gu zinakaribia na ni lini ngamia wahamishwe, haikuona taabu kukipa jina chombo kilichokuja kulala angani mwake.

Makala haya yanadhamiria kueleza hatua ambazo kampuni moja ya kibiashara ya Marekani, SpaceX, imezipitia tangu ilipoasisiwa na Elon Musk mwaka 2002 hadi ikawa na setilaiti nyingi angani kuliko kampuni au serikali nyingine yoyote. Hatua hizo zimeandikwa mara nyingi, lakini aghalabu hutazamwa kutoka Florida au California. Hapa zinatazamwa kutoka Garissa na uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki wa Kenya. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba mtambo uliobuniwa bila kumfikiria mfugaji wa kuhamahama umetokea kuwa na tabia inayomfaa yeye kuliko inavyomfaa mkaazi wa Nairobi, na kwamba kilichobaki kati ya mfugaji huyo na mtambo ni bei na mamlaka.

Roketi za Ngomeni

Itakuwa kosa kuanza kana kwamba roketi ni kitu ambacho eneo hili lilikisikia jana. Mto Tana, unaopita ubavuni mwa mji wa Garissa, humwaga maji yake katika Ghuba ya Ungwana karibu na Kipini. Upande wa kusini wa ghuba hiyo hiyo, huko Ngomeni kaskazini ya Malindi, Waitalia wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha baharini jukwaa la kurushia roketi lililoitwa San Marco. Setilaiti ya kwanza iliruka kutoka hapo mwezi Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi hiyo pekee.

Sababu ya kuchaguliwa kwa Ngomeni ni ikweta. Katika ikweta uso wa dunia hukimbia kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, hivyo roketi inayoelekezwa mashariki huondoka tayari ikiwa na msukumo ambao haukununuliwa kwa mafuta. Roketi za Ngomeni zilikuwa za aina ya Scout, mali ya serikali ya Marekani, na ya mwisho iliruka mwezi Machi 1988. Kila moja ilikwenda safari moja tu na mabaki yake yakaishia baharini. Hakuna aliyeshangaa, kwani kote duniani roketi ilikuwa kitu cha kutumiwa mara moja na kutupwa. Desturi hiyo ndiyo SpaceX ilikuja kuivunja, ingawa haikuivunja mara moja.

Chumvi ya bahari

Roketi ya kwanza ya kampuni, Falcon 1, iliruka tarehe 24 Machi 2006 kutoka Omelek, kisiwa kidogo cha Bahari ya Pasifiki katika kundi la visiwa vya Kwajalein. Haikumaliza hata dakika moja. Nati moja ya alumini kwenye bomba la mafuta ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari, mafuta yakavuja, moto ukazuka na roketi ikaanguka karibu na ilikotoka. Mtu wa pwani anayejua jinsi upepo wa bahari unavyokula mabati ya nyumba hahitaji kuelezwa zaidi. Safari ya pili, Machi 2007, ilishindwa kufika kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia. Ya tatu, Agosti 2008, sehemu mbili za roketi zilipoachana ile ya chini iliendelea kusukuma kidogo ikaigonga ya juu.

Fedha zilikuwa zikielekea ukingoni. Tarehe 28 Septemba 2008 safari ya nne ilifaulu, na Falcon 1 ikawa roketi ya kwanza ya mafuta ya majimaji iliyotengenezwa na kampuni binafsi kufika kwenye obiti. Mzigo wake ulikuwa kipande cha chuma cha kilo 165 kisichokuwa na kazi yoyote ila kuwa mzigo. Miezi mitatu baadaye shirika la anga la Marekani, NASA, liliipa kampuni kandarasi ya dola bilioni 1.6 kupeleka shehena mara 12 kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Wanaoisifu kampuni hii kama ushahidi kwamba mtaji binafsi haumhitaji mtu yeyote huipita tarehe hiyo haraka mno. Bila mkoba wa serikali, huenda hadithi ingeishia kwenye kile kipande cha chuma.

Mteja wa Falcon 1 katika safari yake ya tano na ya mwisho, Julai 2009, alikuwa Malaysia, ambayo setilaiti yake RazakSAT iliwekwa kwenye obiti inayoambatana na ukanda wa ikweta. Baada ya hapo kampuni iliiacha roketi hiyo ndogo na kuigeukia kubwa zaidi, Falcon 9, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 4 Juni 2010. Mwezi Mei 2012 chombo chake cha Dragon kilifika kwenye kituo cha anga, jambo ambalo hakuna chombo cha kampuni binafsi kilichokuwa kimelifanya.

Lori linalorudi

Hatua iliyobadilisha kila kitu ilikuja tarehe 21 Desemba 2015. Usiku huo, baada ya kusukuma setilaiti 11 kuelekea kwenye obiti, sehemu ya chini ya Falcon 9 iligeuka angani, ikawasha injini zake upya na kutua wima kwenye saruji ya Cape Canaveral. Mwezi Aprili 2016 nyingine ilitua juu ya jahazi lisilo na mabaharia katikati ya bahari. Tarehe 30 Machi 2017 sehemu iliyokwisha kuruka ilirushwa tena ikiwa na setilaiti ya kibiashara.

Ili kuielewa maana ya jambo hili, msomaji na alifikirie lori linalotoka Mombasa na shehena ya kupeleka Mandera. Tuseme kwamba kila lifikapo na kushusha mzigo, lori husukumwa korongoni, na kwa safari ifuatayo hununuliwa lori jipya. Nauli ya gunia la sukari ingekuwa kiasi gani? Huo ndio uliokuwa uchumi wa roketi tangu mwanzo wake. Sehemu ya chini, yenye injini tisa, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya gharama. Kufikia mwaka 2024 zilikuwapo zilizokwisha kuruka zaidi ya mara 20, na katika mwaka huo mmoja kampuni ilirusha roketi za Falcon zaidi ya mara 130. Scout za Ngomeni ziliruka mara tisa kwa miaka 21.

Kati ya mafanikio hayo palikuwa na msiba mmoja ulioigusa Afrika moja kwa moja. Tarehe 1 Septemba 2016 Falcon 9 ililipuka ikiwa bado chini, ikijazwa mafuta kwa ajili ya majaribio, siku mbili kabla ya kuruka. Juu yake palikuwa na setilaiti ya Israeli iitwayo Amos-6. Facebook na kampuni ya Eutelsat zilikuwa zimekodi sehemu ya uwezo wake ili kufikisha intaneti katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara. Siku hiyo hiyo Mark Zuckerberg, mkuu wa Facebook, alikuwa Nairobi. Alikula samaki na ugali katika mkahawa wa Mama Oliech na kukutana na vijana wa teknolojia. Habari zilimkuta huko, naye akaeleza hadharani masikitiko yake. Kwa mji kama Garissa funzo la tukio hilo halikuwa la uhandisi pekee: matumaini ya bara zima yalikuwa yamefungwa kwenye setilaiti moja kubwa ya gharama kubwa, na moto wa dakika chache uliyamaliza. Mpango uliofuata wa SpaceX ulikuwa kinyume chake, yaani setilaiti ndogo kwa maelfu, ambazo moja ikifa haiombolezwi.

Safari mbili za Kenya

Nauli iliposhuka, mataifa yasiyo na roketi yalipata nafasi. Tarehe 2 Aprili 2018, saa tano na nusu usiku kwa saa za Kenya, Falcon 9 iliondoka Florida na shehena ya kituo cha anga. Ndani yake mlikuwa na kisanduku cha sentimita 10 kila upande, 1KUNS-PF, setilaiti ya kwanza ya Kenya, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Wajapani na Waitalia. Garissa ilikuwa ikiikumbuka siku hiyo kwa sababu nyingine: ilitimia miaka mitatu tangu watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Kalenda ndiyo iliyoyakutanisha mambo haya mawili, na msomaji wa Garissa hawezi kuitaja tarehe moja bila nyingine. Kisanduku kilitolewa kutoka kituo cha anga mwezi uliofuata.

Safari ya pili ilikuwa ya Taifa-1, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, California, baada ya kuahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Iligharimu takriban shilingi milioni 50 za Kenya, ikaundwa na Shirika la Anga la Kenya pamoja na kampuni ya Bulgaria, na ilipanda pamoja na vyombo vingine vipatavyo 50 vya wateja mbalimbali, kama abiria wa matatu wanaochangia nauli. Kazi iliyokusudiwa ni kupiga picha za ardhi kwa ajili ya kilimo, chakula na mazingira.

Wakati huo kaskazini mwa Kenya ndiyo kwanza kulikuwa kukitoka katika misimu mitano mfululizo ya mvua zilizokosa kutosha tangu mwishoni mwa 2020, na zaidi ya mifugo milioni 2 ilikuwa imekufa. Picha za angani zilikwisha kuwa suala la maisha. Tangu Januari 2010, kwa juhudi za taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, bima ya mifugo ilianza kutolewa Marsabit, na mwaka 2013 kampuni ya Takaful ikaipeleka Wajir kwa utaratibu unaokubaliana na sheria ya Kiislamu. Wafugaji wa kwanza wa Wajir walilipwa Machi 2014. Bima hiyo haihesabu mizoga. Setilaiti hupima mwanga: jani bichi hunywa mwanga mwekundu na kurudisha ule usioonekana ulio karibu na wekundu, na tofauti ya hizo mbili hueleza ukijani wa malisho. Malisho yakipungua chini ya kiwango, malipo hutoka. Udhaifu wake mfugaji anaujua: mathenge, mti wa miiba uliovamia kandokando ya Tana, hubaki kijani hata ng'ombe akifa kwa njaa. Setilaiti zilizofanya kazi hiyo zilikuwa za mashirika ya serikali za ng'ambo. Nauli nafuu ndiyo iliyoiwezesha Kenya kujaribu kuwa na jicho lake, hata kama ni dogo.

Anga tupu la Garissa

Tarehe 24 Mei 2019 SpaceX ilirusha setilaiti 60 za kwanza za mtandao wake wa Starlink. Kufikia mwishoni mwa 2024 zilizokuwa angani zilizidi 6,000. Setilaiti za zamani za mawasiliano hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako huonekana kama zimesimama. Sauti hupanda na kushuka ikichelewa, na aliyewahi kupiga simu kwa njia hiyo anakumbuka jinsi wazungumzaji walivyokatizana. Za Starlink huwa kilomita zipatazo 550 tu, hivyo kuchelewa karibu kunatoweka. Gharama yake ni kwamba kila moja hupita na kutokomea kwa dakika chache, ndipo zinapohitajika maelfu. Hakuna ambaye angezirusha kwa roketi za kutupwa.

Huduma ilianza kuuzwa Kenya mwezi Julai 2023, na hapa ndipo ile tabia iliyotajwa mwanzoni inapojitokeza. Nyaya za faiba na milingoti ya simu hupenda umati: kadiri watu wanavyosongamana ndivyo kila mteja anavyogharimu kidogo. Kwa sensa ya 2019 kaunti ya Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 katika eneo lisilofika kilomita za mraba 700. Garissa ilikuwa na 841,353 katika zaidi ya kilomita za mraba 44,000. Mwenye kampuni ya simu akizitazama hesabu hizo, haitaji muda kuamua mlingoti usimame wapi. Na hata uliposimama, haukuwa salama, kwani wapiganaji wa Al-Shabaab wamelipua milingoti mara kadhaa katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, na kijiji kilichopoteza mlingoti kilipoteza kwa siku moja simu, fedha za M-Pesa na njia ya kuita msaada.

Setilaiti ina hesabu nyingine. Uwezo wake hugawiwa kwa eneo la ardhi linaloangaziwa, si kwa idadi ya watu. Wateja wakizidi mahali pamoja, kila mmoja hupata kidogo. Hayo ndiyo yaliyotokea Novemba 2024, kampuni iliposimamisha kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu anga la huko lilikuwa limejaa. Garissa haikuguswa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mawasiliano ya Kenya, aliyeambiwa asubiri alikuwa mtu wa Nairobi.

Sifa hiyo isitiwe chumvi. Obiti nyingi za Starlink zimeinamishwa kwa nyuzi 53, na vyombo husongamana karibu na nyuzi hizo, juu ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ukanda wa ikweta hupata vichache zaidi. Ikweta iliyokuwa neema ya Ngomeni ni upungufu kidogo kwa dishi la Garissa.

Bei na mamlaka

Dishi lilipoanza kuuzwa liligharimu takriban shilingi 89,000, na ada ya mwezi ilikuwa 6,500. Baadaye bei ilipunguzwa, na kufikia Agosti 2024 iliwezekana kulikodi kwa shilingi 1,950 kwa mwezi na kulipia kifurushi cha gigabaiti 50 kwa 1,300. Mfugaji hupima gharama kwa mbuzi, na mbuzi wa wakati wa ukame hana bei. Kwa hiyo dishi katika maeneo haya si kifaa cha boma moja. Linaeleweka likiwa la shule, la zahanati, la soko la mifugo au la watu wa kisima kimoja wanaochanga.

Upinzani nao ulijitokeza. Mwezi Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka kampuni za setilaiti za kigeni zipewe leseni kwa kushirikiana na kampuni zilizopo nchini badala ya kufanya kazi peke yake, ikitaja hatari za usalama na mwingiliano wa mawimbi. Mwenye kuichukulia barua hiyo kama wivu wa kibiashara hakosei sana, lakini suala lililomo ni zito. Mlingoti ulioko Liboi una anwani na mtu wa kuulizwa. Setilaiti inapita Liboi, Doble na Kismayu kwa pumzi moja. Somalia ilitoa leseni kwa Starlink mwezi Aprili 2025, na kabla ya hapo dishi moja lilikuwa halali upande huu wa mpaka na haramu hatua chache mbele, katika nchi ambayo ngamia na wenyewe hawajawahi kuuheshimu mpaka huo.

Kuna jingine ambalo huenda likawa kubwa kuliko dishi. Mwezi Januari 2024 kampuni ilirusha setilaiti sita za kwanza zenye uwezo wa kuwasiliana na simu ya kawaida bila dishi, na Mei 2025 Airtel Africa ilitia saini makubaliano nayo ya kuuza Starlink katika nchi za bara hili. Mfugaji anayelala Hulugho leo na kesho kwingine hawezi kubeba dishi, paneli ya jua na betri juu ya ngamia ambaye tayari amebeba nyumba. Simu anayo.

Na bado usiku wa tarehe 24 Julai 2025, yapata saa nne kwa saa za Kenya, Starlink ilizimika duniani kote kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Kampuni ilieleza kwamba programu zinazoendesha kiini cha mtandao ndizo zilizoshindwa. Setilaiti zote zilikuwa mahali pake, nzima, zikiendelea kupita. Usiku huo, mwenye nyaya za faiba mjini Garissa hakujua kitu. Kwa sababu hiyo mradi wa barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020 ukiwa na nyaya za faiba kando ya lami, haukupoteza maana dishi lilipofika. Zahanati ya Elwak yenye waya mmoja ardhini na dishi moja darini huweza kumpigia daktari wa Wajir hata mmoja kati ya hivyo viwili ukikatika.